Kukagua lambo la udongo: somo la kwenda nalo nyumbani

Ukurasa wa masomo safari hii unatoka darasani na kwenda shambani. Tutazungumzia lambo la udongo, yaani lile bwawa dogo ambalo ng'ombe hunywa, akina mama huchota na watoto huogelea wakikatazwa. Watanzania wengi huliita lambo, Wakenya wengine husema silanga, wengine ni bwawa tu. Hapa yote ni kitu kimoja: tuta la udongo ulioshindiliwa, lililowekwa kukinga bonde ili maji ya mvua yasiende zake.

Utauliza, mimi nasoma uhasibu, lambo linanihusu nini? Linakuhusu hivi. Wengi wetu huku ughaibuni tumeshachangia mradi wa maji nyumbani. Kuchanga pesa za kujenga tunajua sana, hata kadi za mchango tunazijua. Kuchanga pesa za kutunza, hapo kimya. Lambo likishazinduliwa na picha zikapigwa, nani hulitembelea tena kuangalia kama ni zima? Na wewe unayekwenda likizo kati ya Mei na Agosti, unafika wakati mzuri kabisa: mvua za masika zinaisha, lambo limejaa, na kila ugonjwa wake unaonekana. Huhitaji kuwa injinia ili kuuona. Unahitaji macho, fimbo, chupa na daftari.

Kwanza: Solai

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki nyingi za mvua kubwa, bwawa la udongo lililojulikana kama Bwawa la Patel lilivunjika huko Solai, Kaunti ya Nakuru, Kenya. Lilikuwa juu mlimani katika shamba la kahawa, na watu walikuwa wanaishi chini yake. Maji yalishuka gizani yakapitia nyumba, mashamba na shule. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao watoto na akina mama. Baadaye maofisa wa maji walisema mabwawa ya shamba lile hayakuwa na vibali.

Solai halikuwa bwawa la umeme kama Mtera au Masinga. Lilikuwa bwawa la shamba, la aina ambayo tunapita kando yake bila hata kugeuza shingo. Ndiyo sababu ya somo hili. Bwawa kubwa lina mainjinia, lina vipimo, lina mlinzi getini. Bwawa dogo lina mbuzi.

Na "dogo" lisikudanganye. Hebu tupige hesabu. Chukua lambo lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 40 na kina cha wastani cha mita 2. Hizo ni mita za ujazo 4,000. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Kwa hiyo una tani 4,000 zimeegemea ukuta wa udongo, usiku na mchana. Huku Kanada, na katika nchi nyingi, bwawa halipangwi katika daraja la hatari kwa ukubwa wake tu. Swali kuu ni: likivunjika, nani yuko chini? Lambo dogo lenye shule chini yake linaweza kuwa hatari kuliko bwawa kubwa lililo peke yake porini.

Viungo vya lambo

Tukubaliane majina kwanza. Ukuta wenyewe ni tuta. Sehemu ya juu unapopita kwa miguu ni mgongo wa tuta. Upande unaogusa maji ni mteremko wa ndani, na upande mkavu ni mteremko wa nje. Pale mteremko wa nje unapokutana na ardhi ya kawaida ni kitako. Pembeni kuna utoro wa maji, yaani njia iliyochimbwa ili maji yakizidi yatoke kwa adabu bila kupanda mgongoni. Mara nyingi kuna pia bomba la kutolea maji, linalopita chini ya tuta.

Lambo la udongo hufa kwa njia kuu tatu:

1. Maji kupanda juu ya tuta. Utoro ukiziba au ukiwa mwembamba, maji hupita mgongoni, na udongo huliwa kama sukari kwenye chai.

2. Maji kupenya ndani. Yanapata kijia, yanachukua chembe moja ya udongo, halafu nyingine, mpaka kijia kinakuwa tundu na tundu linakuwa mlango.

3. Mteremko kumeguka. Udongo uliolowa unakuwa mzito na mlegevu, kipande kinateleza chini.

Njia mbili za kwanza ndizo zinazoua mabwawa mengi zaidi ya udongo duniani. Habari njema ni kwamba zote mbili mara nyingi hutoa dalili mapema. Habari mbaya ni kwamba dalili ikishakuwa kubwa, muda ni mfupi. Bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani, lilijengwa na serikali yenye mainjinia wa kila aina. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 watu waliona maji ya matope yakitoka kwenye tuta. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa, na wangekufa wengi zaidi kama isingekuwa mchana na kama watu wa chini wasingepigiwa simu wahame.

Kabla hujagusa tuta

Usiende lamboni moja kwa moja na kamera yako ya ughaibuni. Piga hodi kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au chifu, kisha kamati ya maji kama ipo. Waambie: "Shikamoo mzee, nimekuja kujifunza, naomba mtu anayelijua lambo hili anitembeze." Ukianza kwa kuwaambia wamekosea, somo limekwisha hapo hapo.

Anayelijua lambo kuliko wote kwa kawaida si mwenyekiti. Ni mchungaji anayefika kila siku, au mama anayechota alfajiri. Waulize: Maji hupanda mpaka wapi mvua ikizidi? Yamewahi kupita juu ya tuta? Haya majani mabichi huku nje yameanza lini? Uliza tu, kisha nyamaza usikilize.

Matembezi yenyewe

Tembea kwa mpangilio ule ule kila mara ili usisahau kitu. Nenda taratibu, na simama kila baada ya hatua kumi.

Mgongo wa tuta. Simama upande mmoja, inama, angalia kwa jicho moja kama fundi anayenyoosha ubao. Mgongo umenyooka au kuna sehemu imebonyea? Sehemu iliyobonyea ndipo maji yatakapopita kwanza. Kama una kamba na ule mpira wa maji ambao mafundi hupimia usawa, pima. Kisha tafuta nyufa. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji kwenda nje ni mbaya sana, kwa sababu ni njia iliyo tayari kwa maji. Ufa unaofuata urefu wa tuta, hasa kama upande mmoja umeshuka, ni dalili kwamba mteremko unataka kumeguka. Nyufa ndogo ndogo za kiangazi, zilizotapakaa kama udongo wa majaruba, si za kutisha hivyo, lakini ziandike. Chomeka kijiti chembamba upime kina.

Mteremko wa ndani. Angalia kama mawimbi yamekula udongo na kuacha kingo. Angalia njia za ng'ombe, maana kwato huchimba mifereji. Angalia pia uso wa maji: ukiona maji yanazunguka na kuzama sehemu moja karibu na tuta, hiyo si ajabu ya kupiga picha. Ina maana kuna tundu chini. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya hatari hapo mbele.

Mteremko wa nje. Hapa ndipo lambo linaposema ukweli. Kiangazi nyasi zote zimekauka, kisha unaona kipande kimoja kibichi kabisa: maji yanapita hapo. Chomeka fimbo, kama inaingia kwa ulaini andika. Tafuta sehemu iliyovimba kama tumbo. Tafuta mashimo ya fuko, nungu na mhanga, na usisahau vichuguu. Mchwa huchimba njia nyingi ndani ya tuta, na njia hizo maji huzipenda. Miti nayo: tunaipenda kwa kivuli, lakini mizizi hupenya tuta, na mti ukifa mizizi ikaoza huacha mabomba matupu. Miche ing'olewe ingali midogo. Mti mkubwa usiung'oe lambo likiwa limejaa, utafungua shimo. Subiri maji yapungue na upate ushauri wa mtaalamu.

Kitako. Karibu kila lambo la udongo huvuja kidogo, hivyo usipige kelele kwa kuona tone. Swali ni mawili: maji ni masafi au ya matope? Yanaongezeka au yako vile vile? Ukiona maji yanachemka kutoka ardhini na kujenga kiduara cha mchanga kama kilima kidogo, ujue yanabeba udongo kutoka chini ya tuta.

Bomba. Angalia pale bomba linapotokea nje. Maji yatoke ndani ya bomba, yasitoke kandokando yake. Maji yanayofuata ngozi ya bomba yameua mabwawa mengi, kwa sababu udongo ni vigumu kushindiliwa vizuri pale.

Utoro wa maji. Utembee wote, mwanzo hadi mwisho. Je, kuna vichaka? Magogo? Wavu wa wavuvi? Mtu amepanda migomba? Na kubwa kuliko yote: je, kuna mtu ameweka mifuko ya mchanga au ukuta kwenye utoro ili lambo libebe maji mengi zaidi? Hili hufanyika kwa nia njema kabisa, lakini ni sawa na kuziba pua ya mtu anayekimbia. Pima pia kimo kutoka sakafu ya utoro mpaka mgongo wa tuta. Mabwawa madogo mengi husanifiwa yakiwa na mita 1 hivi au zaidi. Ukikuta sentimita 30, una habari ya kupeleka mkutanoni.

Bondeni. Geuka uangalie chini. Hesabu nyumba, shule, barabara, soko. Tuta lilipojengwa labda hapakuwa na mtu, sasa kuna mtaa. Angalia pia matuta ambayo hayakujengwa kuwa mabwawa. Tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, Kenya, mafuriko ya usiku yaliua makumi ya watu. Mwanzoni ilisemwa bwawa limevunjika, kisha serikali ikaeleza kwamba maji yalijaa nyuma ya tuta la reli ambalo njia yake ya maji ilikuwa imeziba. Kalavati iliyoziba hugeuza barabara kuwa bwawa, tena bwawa lisilo na utoro.

Vipimo viwili vya bei rahisi

Cha kwanza ni chupa. Kinga maji yanayovuja kwenye chupa safi inayopitisha mwanga, iache itulie mpaka kesho. Kama chini kuna tope au mchanga, tuta linaliwa kutoka ndani. Kama ni safi, andika "safi" na tarehe.

Cha pili ni ndoo na saa. Yakusanye maji ya kitako kwenye mfereji mmoja, weka ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 80, mvujo ni robo lita kwa sekunde. Mwezi ujao, lambo likiwa na kimo kile kile, ikajaa kwa sekunde 40, mvujo umeongezeka maradufu. Hapo huhitaji digrii kujua kuna jambo. Angalizo: linganisha siku ambazo kimo cha maji ni sawa na mvua haijanyesha karibuni, la sivyo utajitisha bure. Kwa hiyo paka rangi nguzo ya kupimia kimo, ukiweka alama kila sentimita 10.

Sasa daftari. Ukaguzi mmoja ni picha, lakini kaguzi kumi ni hadithi. Andika tarehe, kimo cha maji, mvua, sekunde za ndoo, hali ya chupa na kila ufa na urefu wake. Piga picha ukisimama mahali pale pale. Wakati wa kawaida mara moja kwa mwezi inatosha. Kabla ya masika na vuli kagua kwa makini zaidi. Mvua kubwa ikinyesha, na baada ya tetemeko la ardhi, kagua mara moja. Na lambo jipya linapojaa kwa mara ya kwanza, kagua kila siku. Teton lilikufa wakati huo huo wa kujazwa mara ya kwanza. Daftari lisirudi nawe Toronto. Liache kwa mchungaji au kamati, umfundishe kijana mmoja anayebaki.

Ukikuta hatari

Maji ya matope yanayoongezeka, maji yanayozunguka na kuzama, tuta linaloteleza, au maji yaliyokaribia mgongo: hayo hayasubiri kikao.

Watu kwanza. Waondoe waliomo bondeni waende mahali pa juu, pembeni, wasikimbie kufuata mto. Mpigie chifu, mwenyekiti au mtendaji, kisha ofisi ya maji. Mchana au usiku, pigeni ngoma, kengele ya shule, kipaza sauti cha msikiti au kanisa, chochote.

Kama ni salama kukaribia, fungueni bomba maji yapungue pole pole. Mkiyashusha kwa ghafla sana, mteremko wa ndani uliolowa unaweza kumeguka. Msichimbe tuta kwa majembe ili "kupunguza maji", maana mkato huo hautazibika tena. Na panapochemka mchanga msizibe kwa udongo wa mfinyanzi. Ukiziba, maji yatatafuta mlango mwingine. Weka mchanga, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yapite lakini udongo ubaki. Hiyo ni huduma ya kwanza tu, daktari bado anahitajika.

Daktari ni nani? Kenya, Sheria ya Maji ya 2016 inaiweka Mamlaka ya Rasilimali za Maji kutoa vibali na kusimamia mabwawa. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na ziko bodi za maji za mabonde 9. Uganda, anzia ofisi ya maji ya wilaya. Peleka barua yenye picha na namba za daftari. Barua isemayo "lambo letu ni bovu" hukaa mezani. Barua isemayo "mvujo umepanda kutoka robo lita hadi nusu lita kwa mwezi mmoja, na chini kuna shule" ni vigumu zaidi kuipuuza.

Zoezi la hapa hapa Toronto

Kabla ya safari, fanya mazoezi. Kaskazini mwa jiji, karibu na makutano ya Dufferin na Finch, si mbali na Chuo Kikuu cha York, kuna bwawa la G. Ross Lord kwenye tawi la magharibi la mto Don, lililojengwa mwaka 1973. Linasimamiwa na TRCA, mamlaka ya uhifadhi ya Toronto na viunga vyake. Asili ya mambo haya ni kimbunga Hazel cha Oktoba 1954, kilichoua watu 81 huku Ontario. Katika mtaa mmoja tu, Raymore Drive kando ya mto Humber, walikufa watu 35. Baada ya hapo walijenga mabwawa ya kuzuia mafuriko, lakini pia walikataza kujenga nyumba mabondeni. Hizi bustani za mabondeni tunazochomea nyama wakati wa kiangazi, nyingine zilikuwa mitaa ya watu.

Nenda ukaangalie kutoka njia za umma, bila kuruka uzio. Je, kuna miti kwenye tuta? Nyasi zimefyekwa? Nyasi fupi si urembo, ni ili mkaguzi aone ufa na unyevu. Maji yakizidi yatatokea wapi? Bondeni kuna nini? Ukiweza kujibu hapa, utaweza kujibu kwenu.

Jipime

Swali la 1: Wavuvi wameweka wavu na magogo kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Lambo limejaa nusu tu. Kuna tatizo?

Swali la 2: Mgongoni kuna ufa wa mita 6 unaofuata urefu wa tuta, na upande wa nje umeshuka upana wa kidole.

Swali la 3: Kitako kimevuja maji masafi miaka 5, ndoo hujaa kwa sekunde 90. Leo kimo ni kile kile, ndoo imejaa kwa sekunde 45, na maji yana rangi ya chai ya maziwa.

Majibu: La 1, ndiyo. Zungumzeni na wavuvi, na utoro usafishwe kabla ya mvua. La 2, mteremko umeanza kumeguka. Watu na mifugo wasipite, pimeni ufa kila siku, punguzeni maji pole pole na mwiteni mtaalamu. La 3, usisubiri chupa itulie. Ondoa watu bondeni sasa, simu baadaye kidogo, sababu mtaijua kesho.

Basi wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa lambo ukuta wenyewe huenda usipatikane wa kujengwa tena. Mwaka huu tukichangia mradi wa maji, tuongeze pesa kidogo ya daftari, ndoo, nguzo ya rangi na posho ya kijana wa kutembea tuta kila mwezi. Ukikagua la kwenu, tuletee matokeo tuyajadili kwenye kikao cha chama. Safari njema.